Nyanya zilizogoma kuiva: uchambuzi wa bustani moja ya pwani baridi

Miche 14 ya nyanya, matunda 31, na tarehe ilikuwa 24 Septemba. Nilihesabu mwenyewe nikiwa nimeinama juu ya tuta, kisha nikarudia kwa sababu sikuamini. Mimea ilikuwa imenizidi urefu, majani mapana, mashina manene kama kidole gumba. Ungepita nje ya ua ungesema mwenye bustani hii ana mkono wa kilimo. Lakini miche 14 kuzaa matunda 31 ni aibu, na hakuna hata tunda moja lililokuwa limeanza kubadilika rangi. Yalikuwa ya kijani, magumu, na yamekaa hivyo hivyo tangu katikati ya Agosti.

Mwenye bustani ni mama mstaafu aliyelima nyanya zaidi ya miaka 25 bara, kwenye jua kali, kabla ya kuhamia pwani. Pwani hii si ile ya minazi. Nyumba iko chini ya kilomita moja kutoka bahari ya maji baridi. Wakati wa baridi haigandi, na wakati wa kiangazi haipati joto. Alinipokea kwa maneno haya: "Mwanangu, samadi nimetia, maji nimetia, dawa nimepiga. Imebaki kuzisomea dua tu."

Angekuwa mtu asiyejua kulima, kazi ingeisha kwa nusu saa. Huyu alijua, na hapo ndipo kisa kilipokuwa kigumu.

Yaliyokwisha kufanyika

Alihamisha miche kwenye tuta tarehe 5 Mei. Mwezi Juni maua yakaanza kudondoka, yanakatikia palepale kwenye kifundo cha kikonyo bila kuacha tunda. Akadhani mimea ina njaa, akaongeza samadi ya kuku. Mimea ikaitikia kwa majani. Julai maua yakaendelea kudondoka, akaongeza maji, kila jioni baada ya jua kuzama, kama alivyozoea bara ambako kumwagilia mchana ni kuupa upepo maji. Mwishoni mwa Agosti yakatokea madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, akapiga dawa yenye shaba.

Jirani na nyanya kulikuwa na matango yaliyopakwa unga mweupe jani kwa jani, rihani yenye madoa meusi kama imeunguzwa, bilinganya mbili zisizo na ua hata moja, na bamia sita. Hizo bamia sitazisahau. Tangu Juni zilibaki na urefu wa shubiri moja, hazifi wala hazikui.

Na kwenye kona, nyuma ya pipa la maji, kulikuwa na mashina matatu ya sukuma wiki aliyoyachomeka pale kwa sababu miche ilimbakia mkononi. Hayakupata samadi wala dawa. Majani yake yangetosha kumfunika mtoto mchanga. Nilipomwuliza kuhusu hayo akanijibu kwa mkono tu, kwamba hayo achana nayo, hayana kazi. Nami, nakiri, niliyapita nikaenda kuchimbua udongo wa nyanya. Ilinichukua wiki nzima kuyarudia yale mashina matatu na kuona kwamba jibu lilikuwa limesimama nyuma ya pipa muda wote.

Namba iliyompoteza

Nilipomwuliza kwa nini alipanda bamia na bilinganya mahali hapa, alikuwa na sababu nzuri. Alikuwa ametafuta kanda ya mimea ya eneo lake akakuta ni kanda ya 10. Bara alikotoka ilikuwa ya 8. Kwa mawazo yake, namba ikipanda maana yake joto limeongezeka: kama kanda ya 8 ilimpa nyanya tele, ya 10 itampa mpaka bamia.

Namba hizo zinatoka kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa. Ramani hiyo inapima kitu kimoja tu: usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka hufikia nyuzi ngapi, kwa wastani wa miaka mingi. Kanda ya 10 ni mahali ambapo usiku huo hauteremki chini ya takriban nyuzi joto 1 za Selsiasi chini ya sifuri, wala haubaki juu ya nyuzi 4 na kitu. Basi. Inakuambia kama mti wako utakufa wakati wa baridi. Haisemi lolote kuhusu Julai.

Ndiyo maana kwenye ramani hiyo San Francisco na sehemu za kusini mwa Florida zimewekwa kundi moja, ingawa kwa mkulima wa nyanya sehemu hizo mbili ni kama sayari mbili. Watu wa magharibi mwa Marekani wana mgawanyo mwingine wenye kanda 24, unaohesabu pia joto la kiangazi, ukungu na upepo. Humo ukanda mwembamba ulio chini ya mamlaka ya bahari una namba yake peke yake, 17. Mama huyu angeanzia na mgawanyo wa aina hiyo, asingenunua mbegu ya bamia.

Kwa nini kiangazi ni baridi

Jambo hili huwasumbua wageni, kwa hiyo nilimchorea kwenye mchanga. Kwenye pwani za magharibi za mabara, kama California, Chile na Namibia, upepo huvuma sambamba na pwani wakati wa kiangazi. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu ya bahari husukumwa kwenda mbali na nchi kavu, na maji ya chini, ya baridi kali, hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu. Wakati huohuo bara linachemka kwa jua, hewa yake inapanda, na ile ya baharini inavutwa kuingia ndani pamoja na ukungu wake. Kwa maneno mengine, bara likizidi kuwaka, pwani inazidi kuvuta blanketi. San Francisco mwezi wa joto zaidi ni Septemba, upepo ukishalegea, wakati watu wa sehemu nyingine wameanza kutoa masweta.

"Kwa hiyo mimi napanda Mei nikingojea joto la Julai," akasema, "kumbe Julai yenyewe haiji." Ndivyo hasa.

Hesabu

Pakiti ya mbegu zake iliandikwa siku 65, yaani kuanzia kuhamisha mche hadi tunda la kwanza kuiva. Mama alikuwa na hasira na pakiti hiyo kama mtu aliyetapeliwa. Lakini mmea hauna kalenda. Unakusanya joto kama mtu anayeweka akiba, na nyanya hukua kwa shida sana joto linapokuwa chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo tunachukua wastani wa joto la siku, tunatoa 10, na kinachobaki ndiyo akiba ya siku hiyo. Ni hesabu ya mkono, haina usahihi wa maabara, ila inatosha kuamua mambo ya bustani.

Mahali pa bara penye nyuzi 28 mchana na 16 usiku, wastani ni 22, akiba ni 12 kwa siku. Kwa siku 65, hiyo ni 780.

Kwake, kipimajoto nilichokitundika kivulini karibu na tuta kilikuwa kinazunguka kati ya 18 mchana na 12 usiku. Wastani 15, akiba 5. Gawanya 780 kwa 5 unapata siku 156. Kutoka 5 Mei, siku 156 zinakufikisha tarehe 8 Oktoba. Mimi nilifika 24 Septemba. Nyanya hazikuwa zimegoma. Zilikuwa bado njiani, na mbele yake kuna siku zinazozidi kuwa fupi.

Aliinyamazia hesabu hiyo muda mrefu. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo: "Na nikiongeza nyuzi tatu tu?"

Tukapiga. Wastani 18, akiba 8, siku 98 badala ya 156. Tarehe 11 Agosti. Karibu miezi miwili inarudi kwa nyuzi tatu. Bara, nyuzi tatu zingepunguza siku 13 tu, tena angeona adha ya jua kuliko faida. Pwani baridi uko karibu sana na ule mpaka wa nyuzi 10, kwa hiyo kila uzi unaouokota unalipa mara mbili tatu. Kuanzia hapo kazi yetu ikawa na sura: tuokote nyuzi tatu, popote zilipoangukia.

Maua yaliyodondoka Juni nayo yanaingia humohumo. Usiku ukiteremka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua ya nyanya inakuwa dhaifu na ua linaanguka bila kushika. Samadi ya kuku haikuwa na neno la kusema hapo. Ilichofanya ni kuongeza majani laini yenye maji, chakula kizuri cha magonjwa.

Siku moja kwenye kiti

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kiti na daftari, nikakaa bustanini tangu saa moja asubuhi hadi jua linazama. Mama alinicheka, akaniletea chai mara tatu. Lakini naomba yeyote anayehamia mahali pa namna hii afanye hivyo kabla ya kununua hata jembe.

Tuta la nyanya lilikuwa mashariki mwa nyumba. Alilichagua kwa makusudi, maana kila kitabu cha bustani kinasifia jua la asubuhi: linakausha umande, halichomi. Ni kweli, mahali penye jua la asubuhi. Hapa saa moja hadi saa sita kasoro kulikuwa na ukungu mzito kiasi kwamba sikuiona nyumba ya pili. Ukungu ulipasuka saa sita mchana. Saa saba na nusu kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshalifunika tuta lote. Saa moja na nusu ya jua, kwa siku nzima, kwa mmea unaotaka saa sita au zaidi!

Upande wa magharibi, mahali alipoanikia nguo, jua lilifika saa saba na likabaki mpaka saa kumi na moja jioni ukungu uliporudi kutoka baharini. Saa nne nzima za jua. Tena kulikuwa na ukuta mweupe wa nyumba unaorudisha mwanga na kutunza joto. Nilipoweka kiganja ukutani saa mbili usiku ulikuwa bado una uvuguvugu.

Kwa nini basi hakupanda magharibi tangu mwanzo? Kwa sababu huko ndiko upepo wa bahari unakotokea. Alijaribu mwaka wa kwanza, upepo ukakunja miche mpaka chini na chumvi ikaunguza kingo za majani. Ndio mtihani wa pwani hizi: jua na upepo vinaingia kwa mlango mmoja. Anayekimbia upepo anajikuta amekimbia na jua.

Maarifa ya kukimbia jua

Nikiwa kwenye kile kiti ndipo nilipouona mzizi wa kisa. Tuta la asubuhi. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa kiganja. Kumwagilia usiku. Mimea iliyobanana ili ivuliane. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi, na kila kimoja kilikuwa mbinu ya kupoza. Miaka 25 alikuwa amejifunza kuikinga nyanya na jua, na akaja na ujuzi wote huo mahali ambapo jua ni la kuombwa.

Tuchukue matandazo. Yanasifiwa kila mahali, nami nayasifu. Lakini nyasi kavu ni godoro: zinazuia jua lisifike kwenye udongo. Kipimajoto changu cha udongo, kina cha sentimita 10, kilisoma 14 chini ya nyasi na 17 mita moja pembeni, kwenye udongo uliokuwa wazi. Nyuzi tatu zilezile! Alikuwa amezilipia kwa kubeba nyasi kwa toroli.

Maji ya jioni ndiyo yaliyoleta mengine. Kiswahili kimeupa moshi ule wa baharini jina moja na ule uozo unaoota kwenye mkate: ukungu. Sijui mhenga gani aliyaunganisha, lakini bustani ya pwani inamthibitisha. Majani yaliyolowa saa moja jioni yanabaki yamelowa mpaka saa sita mchana kesho yake, saa 17, katika joto la nyuzi 12 hadi 18. Hicho ndicho kitanda anachokipenda *Phytophthora infestans*, msababishi wa bakajani chelewa, yule yule aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Madoa ya kahawia kwenye miche miwili yalikuwa yake. Asubuhi ukigeuza jani unaona utando mweupe pembezoni mwa doa. Dawa ya shaba hukinga jani ambalo halijaingiwa. Lililoingiwa halipati faida. Miche hiyo miwili tuling'oa na matunda yake sita, tukaifunga kwenye mfuko. Haikwenda kwenye mboji.

Unga mweupe wa matango ni kesi tofauti, na watu huzichanganya. Huo ni ubwiriunga, ambao hauhitaji jani lilowe. Unapenda kivuli, hewa yenye unyevu na majani yaliyosongamana. Kuacha kumwagilia jioni hakutauondoa. Kuachanisha mimea na kuitoa kivulini kunausaidia mmea zaidi ya dawa.

Konokono na makoa siwaelezi sana. Udongo uliolowa usiku kucha chini ya godoro la nyasi ni hoteli. Tuliinua nyasi tukawaokota ndoo nusu.

Kuokoa kilichopo

Yalibaki matunda 25. Nilikata moja lililoonekana limekomaa: mbegu zilikuwa zimezungukwa na utelezi, na kisu kilizisukuma pembeni badala ya kuzikata. Hiyo ni dalili kwamba tunda limekomaa hata kama ni la kijani, na likishafika hapo haliuhitaji mti tena, wala jua. Linahitaji joto la chumba, nyuzi 18 hadi 21. Tukachuma yote 24 na kuyapanga kwenye sanduku la karatasi jikoni pamoja na ndizi mbivu mbili, maana ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini inayoyaamsha matunda mengine. Baada ya wiki mbili na nusu, 15 yalikuwa mekundu. Mengine yalinywea. Ladha? Ya kufichwa kwenye mchuzi.

Msimu wa pili, na kosa langu

Tulikubaliana nyanya ziwe sita tu, magharibi, kwenye vyungu vikubwa vyeusi vilivyosukumwa mpaka ukutani. Kuhusu upepo, mama alitaka ukuta wa mbao. Nikamkataza. Upepo ukigonga ukuta mzima huruka juu na kuanguka upande wa pili ukizunguka kwa fujo. Uzio wenye nafasi, nusu mbao nusu uwazi, unauchuja upepo na kuulegeza kwa umbali unaofikia hata mara kumi ya kimo chake. Tulijenga wa mita moja na nusu, vipande vya mbao vikiachana kwa upana wa kipande.

Mbegu alibadilisha. Tunda likiwa dogo linahitaji akiba ndogo, kwa hiyo nyanya za punje ndogo zilichukua vyungu vinne. Vingine viwili vilipewa Oregon Spring, aina iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, inayoweza kushika tunda bila chavua kufanya kazi yake sawasawa wakati wa usiku wa baridi. Aina kubwa za nyama nene, zile alizozipenda bara, zilibaki kwenye pakiti. Hilo lilimuuma.

Kisha nikaharibu. Mwezi Juni, kwa tamaa ya kuongeza nyuzi nyingine mbili, nilimshauri afunike vyungu kwa hema la plastiki. Mchana ndani kulifika 27, tukafurahi kama watoto. Siku ya kumi na mbili plastiki ilikuwa inatiririka maji kwa ndani kila asubuhi, na uozo wa kijivu ulikuwa umekaa kwenye vikonyo vitatu. Hewa ya pwani tayari imeshiba maji. Ukiifungia inayatapika juu ya majani. Nyuki nao hawakuwa na pa kuingilia. Nilisahau kwamba joto lisilo na mzunguko wa hewa hapa ni ugonjwa. Tukakata plastiki pande zote mbili, ikabaki paa na mgongo, na kila siku adhuhuri mama akawa anagonga vishada vya maua kwa kidole ili chavua idondoke. Vikonyo vile vitatu tulivipoteza.

Tunda la kwanza jekundu lilichumwa tarehe 9 Agosti, kutoka kwenye punje ndogo. Hesabu yetu ilikuwa imetabiri mapema zaidi kwa aina ile ya kuiva upesi, mwisho wa Julai, lakini Julai ilikuwa na siku nyingi ambazo ukungu haukupasuka kabisa. Oregon Spring zilifuata katika wiki ya mwisho ya Agosti. Punje ndogo ziliendelea mpaka nusu ya Oktoba, na zile za Septemba ndizo zilizokuwa tamu kweli.

Tuta la mashariki

Hapa ndipo nilipoyarudia mashina matatu ya sukuma wiki nyuma ya pipa. Tazama wakulima wanaoishi kwa kuuza mazao katika pwani za namna hii wanapanda nini. Castroville, California, ni artichoki. Pembeni yake, bonde la Salinas, ni saladi. Bretagne, Ufaransa, ni koliflawa na artichoki tena. Unachokula katika hayo yote ni jani, au kichwa cha maua ambayo hayajafunguka. Hakuna linalosubiriwa lizae, liive, lijaze sukari. Kwenye bahari baridi mkulima anavuna kabla mmea haujafika kwenye kazi inayohitaji joto. Na ile hali ya hewa inayomkatili mwenye nyanya ndiyo inayoiacha saladi ikae miezi bila kukimbilia kutoa maua na kuwa chungu, jambo ambalo mkulima wa bara analiona ndotoni tu.

Mama hakukubali haraka. "Nimelima miaka yote hii nije kula majani?" Lakini tuta lilikuwa wazi na mbegu za njegere hazina gharama, kwa hiyo tukapanda njegere, karoti, bitiruti, liki, brokoli na mistari mitatu ya saladi kwa kupishana wiki tatu tatu. Matandazo yakarudi huko, safari hii mahali pake. Maji yakahamia asubuhi, chini ya shina.

Njegere zilizaa hadi Julai, wakati bara huwa zimekauka zamani. Karoti zilikuwa na utamu ambao hata mimi sikuutarajia. Brokoli mbili kati ya nane zilitoa maua mapema zikiwa na kichwa cha ukubwa wa yai, na hilo ni kosa la kupanda miche iliyozeeka kwenye vyungu. Mstari wa kwanza wa saladi waliula makoa wote, mpaka tulipoanza kuweka vidonge vya fosfati ya chuma na kuacha ukanda mkavu usio na nyasi kuzunguka tuta.

Kulikuwa pia na mcheri aliokuwa ameununua mwaka alipohamia, ambao haujawahi kutoa zaidi ya maua matano. Huo sikuugusa. Cheri nyingi zinahitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ili ziamke vizuri, na pwani hii haina baridi ya kutosha wakati wa baridi kama isivyo na joto la kutosha wakati wa joto. Nilimshauri aukate apande limau karibu na ukuta, kwa kuwa katika jamii ya michungwa limau ndilo linaloridhika na joto dogo. Au tofaa aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, inayotosheka na baridi kidogo. Bado anaufikiria.

Nilipita wiki iliyopita. Kwenye ngazi ya mlango wa magharibi, pale ukuta unapokutana na moshi wa jiko, nilikuta chungu kimoja cheusi ambacho hakimo katika mpango wetu. Ndani yake kuna bamia moja. Imefika magotini, na ina ua moja la manjano, limefunguka.

"Usiniambie hesabu," akasema kabla sijafungua mdomo.

Sikumwambia. Nilikisogeza chungu sentimita kumi kuelekea ukutani, tukaingia kunywa chai.